Grupu letu lihamie Matrix? Jibu kwa msaidizi wa kisheria wa Mwanza

Swali: "Sisi ni wasaidizi wa kisheria, tumetawanyika Mwanza, Geita na Kagera. Kesi zetu nyingi ni za wanawake waliopigwa au kufukuzwa nyumbani. Tunawasiliana kwa grupu la WhatsApp. Kijana anayetusaidia mambo ya kompyuta anataka tuhamie Matrix kwa programu ya Element, tena tuwe na seva yetu wenyewe, kwa kuwa haimilikiwi na kampuni moja. Mwenzetu mwingine anasema Session ndiyo bora kwa sababu haitaki namba ya simu. Tunao mama watu wazima ambao hata kubadilisha nywila ni kazi. Kipi ni salama, na kipi kitatumika kweli? Na picha za majeraha na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) tunazotumiana tuziweke wapi?"

Dada, nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Grupu la watendaji wenu lihamie programu ya Signal, si Matrix. Wanawake mnaowahudumia waacheni walipo, kwenye simu ya kawaida na WhatsApp, ila badilisheni namna mnavyoongea nao humo. Watendaji wachache katika kila wilaya wawe na programu ya Briar kwa ajili ya siku ambazo intaneti imezimwa. Na ile seva yenu wenyewe, yaani kompyuta inayopokea na kupitisha ujumbe wenu, isubiri mpaka mpate mtu wa kuiangalia kwa mshahara.

Jibu hili huenda likamvunja moyo kijana wenu, na nisingependa mumwone hajui analosema, maana hofu yake ina msingi. WhatsApp ni mali ya Meta (zamani Facebook) tangu ilipouzwa mwaka 2014. Tangu Aprili 2016 maneno ya kila ujumbe husimbwa, yaani hufumbwa kwenye simu ya anayetuma na kufumbuliwa kwenye simu ya anayepokea tu, kwa hiyo Meta yenyewe haiyasomi. Lakini yanayouzunguka ujumbe yanabaki mikononi mwake: namba ipi imewasiliana na ipi, saa ngapi, kutoka mtandao gani, nani yumo kwenye grupu lipi. Wenyewe huyaita metadata. Katika kazi yenu hayo si mambo madogo. Mwanamke ambaye rekodi zinaonyesha alimwandikia msaidizi wa kisheria mara nne kati ya saa nane na saa tisa usiku, kisha kulipokucha akampigia daktari, habari yake imeshajulikana bila hata neno lake moja kusomwa.

Tatizo ni kwamba kuzigawa seva hakuziondoi taarifa hizo. Kunazihamisha, na mara nyingine kunaziongezea nakala.

Matrix ilianza mwaka 2014. Yenyewe si programu, ni utaratibu unaoziwezesha seva mbalimbali kuzungumza. Element ni mlango mmojawapo wa kuingilia. Wewe unaweza kuwa na akaunti kwenye seva ya Mwanza, mwenzako wa Bukoba kwenye seva nyingine kabisa, na mkakutana chumba kimoja. Ili jambo hilo liwezekane, kila seva yenye mtu wake chumbani hutunza nakala ya chumba hicho: nani yumo, aliingia lini, nani alimwalika, nani ametuma ujumbe na saa ngapi. Maneno yenyewe yamesimbwa. Tangu Mei 2020 vyumba vya faragha vya Element husimbwa bila mtumiaji kuomba. Jina la chumba, kwa kawaida, halisimbwi. Mkikiita "Kesi za Sengerema", msimamizi wa kila seva inayohusika analisoma jina hilo. Hata alama ya kidole gumba au ya moyo ambayo mtu huiweka chini ya ujumbe wa mwenzake hupita bila kufumbwa. Na ukifuta ujumbe, seva yako inaziomba seva nyingine nazo zifute. Zikiwa na adabu zitatii, zisipotii huna la kufanya.

Sasa tuulizane msimamizi huyo ni nani. Mkijiunga kupitia seva ya umma ya matrix.org, kama wafanyavyo watu wengi sana, mtakuwa mmetoka kwa kampuni ya Marekani na kuingia kwa taasisi iliyosajiliwa Uingereza. Pengine ina nia njema zaidi, lakini bado ni mtu mmoja anayeshika orodha yenu. Mkiweka seva yenu wenyewe, msimamizi ni kijana wenu. Hapo ndipo ninaposhtuka zaidi. Meta iko California. Mume mwenye hasira wa Ilemela hawezi kwenda kuigongea mlango. Kijana wenu yuko Mwanza, ana wazazi, ana mwenye nyumba, anajulikana anaposhinda. Askari mwenye undugu na mtuhumiwa akimfuata jioni na kumwambia "nionyeshe nani anaongea na nani", atakuwa na cha kuonyesha, na hatakuwa na wakili pembeni. Simtilii shaka uaminifu wake hata kidogo. Nasema tu kwamba mtakuwa mmemtwika mzigo ambao hakuna hata mmoja wenu aliyemweleza uzito wake. Kisheria pia mzigo huo ni wenu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamdai anayekusanya na kutunza taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya na za makosa ya jinai ni za kundi nyeti.

Kisha kuna kuiendesha seva yenyewe. Inataka jina la kikoa, yaani anwani yake kwenye intaneti, hifadhidata inayokua kila siku, masasisho ya usalama yasiyosubiri, nakala rudufu, na mtu wa kuamka ikizima. Aprili 2019 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya matrix.org yenyewe, ya watu walioibuni Matrix, kupitia programu iliyokuwa haijasasishwa. Ikabidi wazime kila kitu na kujenga upya, watumiaji wote wakatolewa nje ya akaunti zao, na ambaye hakuwa amehifadhi funguo zake za kufumbulia ujumbe hakuweza tena kusoma mazungumzo yake ya zamani. Kama hayo yaliwakuta wahandisi wanaolala na kuamka na mfumo huu, kijana anayejitolea siku za Jumamosi msimpeleke huko.

Wapo wanaofaidika na Matrix, tena sana. Serikali ya Ufaransa inayo Tchap kwa ajili ya watumishi wake, na jeshi la Ujerumani lina BwMessenger. Zote mbili zimejengwa juu ya Matrix. Hao walitaka mazungumzo ya dola yasipite kwenye kampuni ya nchi nyingine, na wanao wahandisi wa zamu usiku na mchana. Siku mtandao wa kitaifa wa mashirika ya msaada wa kisheria utakapokuwa na idara yake ya teknolojia na bajeti ya kila mwaka, nitakuwa wa kwanza kuupigia debe, kwa sharti kwamba seva hiyo ifungwe isizungumze na seva za nje.

Nirudi kwa mama zetu, maana umewataja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, na mimi naona wao ndio kiini cha swali. Mama wa Sengerema akifungua Element mara ya kwanza, achague seva, atunge jina, atunge nywila, kisha apewe ufunguo wa kurejesha akaunti: mstari mrefu wa herufi na tarakimu usio na maana yoyote. Aandike wapi? Ataandika nyuma ya daftari la vikoba, au atapiga skrinishoti. Siku simu ikiibwa stendi ya Nyegezi, atanunua nyingine, ataingia kwa nywila kama bado anaikumbuka, na bila ule ufunguo atakuta ujumbe mmoja baada ya mwingine unaosema hauwezi kufumbuliwa. Atajaribu siku mbili. Siku ya tatu atarudi WhatsApp, wala hatakwambia, kwa aibu.

Nimefanya kazi na vikundi vya aina yenu kwa muda, na hicho ndicho ninachokikuta: grupu jipya linabaki la salamu na matangazo ya vikao, kesi zenyewe zinarudi kulekule zilikotoka, sasa bila uangalizi, kwa sababu mratibu anaamini wameshahama. Siri nyingi zaidi huvuja kwa njia hiyo kuliko kwa mdukuzi. Kwa hiyo wepesi wa kutumia si anasa ya kuongezea baada ya usalama kukamilika. Programu ambayo watu wako wa mwisho kwa ujuzi wanaweza kuirudia wenyewe simu ikipotea, ndiyo inayoweza kuwalinda.

Session nitaipitia haraka. Mwenzenu ameona jambo la kweli: Tanzania tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo namba ya simu ni sawa na jina lako kamili na sura yako. Session haiulizi namba. Inakupa utambulisho wa herufi na tarakimu 66, na ujumbe hupitishwa kwenye kompyuta tatu ili isiwepo hata moja inayojua unatoka wapi na unakwenda wapi kwa pamoja. Ni kazi nzuri. Lakini ilipoachana na itifaki ya Signal, yaani utaratibu wake wa kusimba ujumbe, iliacha pia kinga moja muhimu, ile inayobadilisha funguo kila wakati ili atakayeiba ufunguo wa leo asiweze kufungua ujumbe wa mwezi uliopita. Tena arifa zake huchelewa, na aliyepoteza maneno 13 ya kurejesha akaunti anaanza upya. Ningempa mtu mmoja anayetaka kuongea na mwandishi wa habari bila kujulikana. Grupu la kazi la mikoa mitatu nisingelipa. Na akitokea wa kusema Telegram, mwambieni kwamba magrupu ya Telegram hayasimbwi kutoka simu hadi simu. Kinachosimbwa hivyo ni yale mazungumzo ya siri ya watu wawili tu, na lazima uyawashe mwenyewe.

Kwa nini basi Signal, wakati nayo ni ya taasisi moja yenye seva zake zenyewe? Kwa sababu imejengwa ijue machache. Mwaka 2016 mahakama ya Virginia, Marekani, iliiamuru itoe taarifa za mtumiaji. Ilichokuwa nacho ni vitu viwili: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa na seva mara ya mwisho. Haikuwa na orodha ya aliowasiliana nao. Tangu hapo imekwenda mbali zaidi; hata orodha ya wanachama wa grupu huhifadhiwa ikiwa imesimbwa, seva haijui nani yumo. Mimi naona bora seva moja isiyojua kitu kuliko seva tano zinazojua nusu nusu. Namba ya simu bado inatakiwa wakati wa kujiandikisha, hilo ni doa, lakini tangu Februari 2024 unaweza kuificha kwa wengine na kutumia jina la mtumiaji. Kampuni ya simu itaona kwamba simu yako inatumia Signal. Haitaona unaongea na nani.

Udhaifu wa kuwa mahali pamoja upo. Tarehe 20 Oktoba 2025 mitambo ya Amazon huko Virginia ilipopata hitilafu, Signal iliyumba pamoja nayo, kwani seva zake zimekodiwa humo. Seva ya Matrix iliyoko kwingine ingeendelea kufanya kazi. Kwa kazi yenu, saa chache za ukimya ninazikubali.

Kwa mama zetu Signal ni rahisi: wataweka namba, watapokea msimbo, wataona kitu kinachofanana na walichozoea. Fanyeni hivi siku moja, mkiwa mmekaa pamoja, kila mtu na simu yake mkononi. Wekeni PIN na muwashe kufuli ya usajili, kwa sababu matapeli wa kurudufisha laini wanajulikana kwetu, na bila kufuli hiyo anayeiba laini yako anaweza kujisajili kwa jina lako. Zimeni maandishi kwenye arifa, ili skrini iliyofungwa iseme tu kwamba kuna ujumbe mpya, isitaje jina wala maneno. Mtoto anayecheza gemu kwenye simu ya mama yake husoma arifa zote. Ujumbe ujifute baada ya wiki moja. Programu iwe na kufuli yake.

Na muwe wakali kwa mambo mawili. La kwanza, msiskani msimbo wowote wa picha (QR) mliotumiwa, hata na mtu mnayemfahamu. Februari 2025 Google ilieleza jinsi wadukuzi wanaohusishwa na Urusi walivyowalenga Waukraine kwa misimbo ya namna hiyo, ambayo kumbe iliiunganisha akaunti yao ya Signal na kompyuta ya mdukuzi. Angalieni mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa. La pili, anayeingia grupuni aidhinishwe na mratibu baada ya kupigiwa simu na sauti yake kutambuliwa. Machi 2025 maofisa wakubwa wa Marekani waliokuwa wakijadili mashambulizi ya Yemen kwa Signal walimwingiza grupuni mhariri wa jarida la The Atlantic bila kujua. Usimbaji ulifanya kazi yake barabara. Mtu asiyehusika alikuwa ndani. Vilevile msaidizi anayeacha kazi atolewe siku hiyohiyo.

Kuhusu wanawake mnaowahudumia, nakuomba sana usimwambie hata mmoja aweke programu mpya. Mume anayekagua simu hahitaji kusoma ujumbe. Alama ya programu asiyoijua ikionekana kwenye simu ya mkewe inatosha kuanzisha kipigo. Mwanamke abaki na WhatsApp au simu ya kawaida, na ninyi mkubaliane naye ana kwa ana: saa ambazo ni salama kumpigia, jina la kawaida la kuwahifadhi kwenye simu, neno moja la kuonyesha kwamba anayejibu si yeye. Msianze ninyi kumwandikia. Mkikutana naye, mwangalizie vitu viwili kwenye simu yake kama anaridhia. Je, kuna kompyuta au simu nyingine iliyounganishwa na WhatsApp yake? Na akaunti ya Google ya simu hiyo ilifunguliwa na nani? Mara nyingi simu ilinunuliwa na mume, akaunti ilifunguliwa na mume, nywila anaijua mume, na nakala rudufu za WhatsApp zinakwenda humo humo. Nakala hizo zinaweza kusimbwa tangu mwaka 2021, lakini mpaka mtu awashe mwenyewe. Angalizo moja: kumtoa mume ghafla kwenye akaunti kunaweza kumshtua, kwa hiyo uamuzi huo ni wa mwanamke mwenyewe, wakati anaouona yeye ni salama.

Sasa siku za kuzimwa kwa intaneti. Wakongo walizimiwa kuanzia mwisho wa Desemba 2018 baada ya uchaguzi, Waganda Januari 2021, na sisi Oktoba 2025. Katika hali hiyo Matrix, Signal, Session na WhatsApp zote zinanyamaza sawasawa, kwa sababu seva hata ziwe elfu moja, njia ya kuzifikia imekatwa. Briar ni tofauti. Haina seva, simu mbili zinaongea moja kwa moja kwa Bluetooth au kwa Wi-Fi ya jengo moja, na intaneti ikiwapo hupitia Tor, mtandao unaoficha nani anawasiliana na nani. Ila mjue mipaka yake. Kwa simu, ni ya Android tu. Nywila ikisahaulika akaunti imekufa, hakuna wa kuomba nyingine. Inakula chaji. Na Bluetooth inafika makumi ya mita. Itawasaidia mkiwa hospitali moja, soko moja au ofisi moja, haitavuka ziwa kwenda Ukerewe. Kwa umbali huo itabaki sauti ya simu ya kawaida na SMS, ambazo kampuni za simu zinaweza kuziona, hivyo ndani yake yawepo maneno mliyokubaliana kabla na namba za kesi, majina yasitajwe kabisa.

Mwisho, picha na PF3. Hizo zisikae kwenye grupu lolote, hata la Signal. Kwa kawaida WhatsApp kwenye Android huzimwaga picha zilizopokelewa kwenye galari ya simu, na simu iliyoruhusu Google Photos kuhifadhi na folda ya WhatsApp huzipandisha kwenye akaunti bila kuuliza tena. Kwa hiyo kila mwanachama wa grupu lenu leo huenda ana picha za majeraha ya mwanamke asiyemjua karibu na picha za ubatizo wa mwanawe. Zimeni hilo leo, kabla hata ya kuhama. Picha ipigwe kwa kamera iliyo ndani ya Signal, maana hiyo haiachi nakala galari, na itumwe kwa mratibu peke yake ikiwa na namba ya kesi badala ya jina. Ikiwa picha inatarajiwa kufika mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitazama njia iliyotumika kuitengeneza na kuitunza, na programu za ujumbe huzibana picha na kuziondolea taarifa zake. Hapo pigeni kwa kamera ya kawaida, muandike kwenye daftari aliyepiga, tarehe, saa na simu iliyotumika, na faili la asili lihamishwe kwa waya hadi kwenye kompyuta ya ofisi ambayo diski yake imesimbwa na nywila inajulikana na watu wawili. PF3 halisi ifuate utaratibu wake wa polisi na hospitali. Nakala yake ikae kwenye jalada kabatini. Mratibu akishathibitisha kwamba faili linafunguka, aliyepiga aifute picha kwenye simu yake, kisha afungue na kapu la taka la Google Photos aifute humo pia, kwa sababu huko hubaki hadi siku 60.